Chukizo kwa Nani? Uhakiki wa Neno Moja la Biblia ya Kiswahili, Lisikiwavyo Makina

Katika Biblia ya Kiswahili ni machache maneno mazito yanayotajwa mara nyingi na kuchunguzwa mara chache kama neno chukizo. Likisomwa mimbarini huchukuliwa kuwa maana yake i dhahiri: ni jambo baya kupita kiasi, lililokatazwa milele na kwa watu wote. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maana hiyo si ya neno lenyewe, wala si ya maneno ya Kiebrania na Kiyunani yaliyofasiriwa kwalo. Chukizo ni neno la uhusiano. Halikamiliki mpaka ijulikane ni chukizo kwa nani. Na msomaji akiliondolea swali hilo hubakiwa na shutuma tupu, ambayo aweza kumtupia jirani ye yote.

Jirani huyo atatafutwa Makina, sehemu ya Kibera katika Nairobi. Makina ni kitovu cha Wanubi wa Kenya, wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la King's African Rifles. Ardhi waliyokalishwa, yenye ekari 4,197, ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi mwaka 1918, na jina lenyewe, Kibra, kwa lugha yao ni msitu. Lugha hiyo, Kinubi, ni krioli ya Kiarabu ambayo Bernd Heine aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1982. Hati ya ardhi waliyokabidhiwa Wanubi mwaka 2017 ni ya ekari 288. Sehemu kubwa ya Kibera imekwisha kukaliwa na Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii, Wakikuyu na wengineo, aghalabu Wakristo. Msikiti na kanisa husikilizana. Kiswahili ni cha wote, lakini kila mmoja amekuja nacho na sikio lake, na kwa sababu hiyo neno la dini likisemwa hapo husikiwa kwa njia zaidi ya moja. Mwalimu wa lugha hawezi kupata mahali pazuri zaidi pa kulipimia.

Kwanza yafaa litazamwe umbo la neno. Chukizo ni jina lililoundwa kutokana na kitenzi cha kutendesha, chukiza, kwa kutiwa -o ya mwisho. Ndugu zake ni tulizo, liwazo, pumbazo na kwazo. Majina haya yote hukitaja kitu kwa kutaja athari yake kwa mtu fulani. Tulizo si kitu chenye utulivu ndani yake. Ni kitu kimtulizacho mtu. Kwazo nalo, ambalo pia limepata cheo katika Biblia, si jiwe: ni jiwe lililomkwaza mtu, na likilala jangwani asipopita mtu, hubaki jiwe tu. Ndivyo lilivyo chukizo. Nyuma yake pana mtendewa aliyefichika, yule anayechukizwa, na sarufi ya Kiswahili humdai kwa neno dogo “kwa”. Tofauti yake na najisi ni kubwa. Najisi ni hali ya kitu chenyewe. Damu iliyomwagika ni najisi hata kama hakuna aliyeiona. Haramu nayo ni hukumu, na hukumu haingoji moyo wa mtu uchafuke.

Wafasiri walikuwa na maneno hayo yote mbele yao. Krapf alianza na kitabu cha Mwanzo mjini Mombasa mwaka 1844. Biblia nzima ya Unguja ilitoka mwaka 1891, ya Mombasa mwaka 1914, ya Karl Roehl mwaka 1937, na ya Muungano, ambayo ndiyo iliyoenea kuliko zote, mwaka 1952. Katika safari hiyo ndefu ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya maneno ya Kiarabu. Roehl aliandika mwaka 1930 katika jarida la Africa akitaka yapunguzwe, na G. W. Broomfield wa Unguja akamjibu. Kwa mizani ya Roehl, chukizo ni neno safi la Kibantu, na najisi na haramu ni wageni. Lakini swali la asili ya neno liliwashughulisha mabwana hao kupita swali la kazi yake, na hasara ya jambo hilo ingaliko. Mtu aweza kubishana mwaka mzima kama neno ni la Kiarabu au la Kibantu asiulize hata mara moja linadai nini katika sentensi.

Neno la Kiebrania ambalo chukizo hulifasiri mara nyingi zaidi ni to'evah, linalopatikana zaidi ya mara 110 katika Agano la Kale. Mahali linapotokea kwanza ni pa ajabu, na wahubiri hupapita upesi. Katika Mwanzo 43:32 Yosefu anawaandalia ndugu zake chakula, na Wamisri wanaandaliwa mbali, kwa kuwa kula pamoja na Waebrania kwao ni to'evah. Katika 46:34 wachungaji wa mifugo, yaani Yakobo na wanawe, ndio to'evah kwa Wamisri. Katika Kutoka 8:26 Musa anakataa kutoa dhabihu ndani ya nchi ya Misri kwa sababu sadaka ya Waisraeli ni to'evah machoni pa wenyeji, nao watawapiga kwa mawe. Basi katika mifano ya mwanzo kabisa ya neno hili, wanaochukiza ni mababa wa taifa teule, na kinachochukiza ni ibada ya Mungu wao. Anayechukizwa ni Mmisri. Mwandishi wa Kiebrania hakuona aibu kulitumia hivyo, kwa maana kwake neno halikuwa hukumu ya milele. Lilikuwa taarifa ya mpaka uliopo kati ya watu na watu. Mithali 29:27 inakwenda mbali zaidi, inaposema kwamba mwovu ni to'evah kwa mwenye haki, na mwenye haki naye ni to'evah kwa mwovu. Ni neno lile lile kwa pande zote mbili.

Msomaji wa Makina huielewa sura ya 43 ya Mwanzo bila mwalimu. Anajua kwamba watu waweza kupangishana nyumba, kukopeshana chumvi na kuzikana, na bado chungu kikawa na mpaka wake. Anajua pia kwamba mpaka huo huvukwa kwa mapatano: katika machinjio mengi ya Kenya mchinjaji huwa Mwislamu, ili nyama iliwe na wote. Wamisri wa Yosefu hawakufikia mapatano hayo.

Lakini Makina ndipo pia panapoonekana jinsi neno linavyoweza kupotea njiani. Sikio la kwanza ni la Mwislamu. Kiarabu kina jina linalolingana karibu kabisa na chukizo kwa maana ya shina lake, nalo ni makuruhu, yaani kilichochukiwa, kutokana na karaha. Lakini katika fikihi ya madhehebu ya Shafi, yaliyoenea Afrika ya Mashariki, makuruhu ni daraja iliyo chini ya haramu: akiachaye kitu hicho hupata thawabu, na akitendaye haandikiwi dhambi. Mkristo anapotamka chukizo akikusudia daraja ya juu kabisa ya uovu, sikio lililofundishwa chuoni lina kila sababu ya kusikia jambo ambalo ni afadhali kuliacha. Wawili hao hawabishani. Wanadhani wameelewana, na hilo ni baya zaidi.

Sikio la pili ni la yule aliyetoka bara na mila zake. Mluo ana kwer, mwiko, na chira, maradhi ya kudhoofika yanayomwandama aliyeuvunja mwiko pamoja na watu wa nyumba yake. Mkikuyu wa zamani alikuwa na thahu, unajisi uliohitaji mganga wa kuutakasa. Kwa sikio hili chukizo huambukiza. Haliishii kwa mtendaji, bali huingia nyumbani na kukaa. Wala msomaji huyo hajapotoka kabisa, kwa maana Kumbukumbu la Torati 7:26 inaonya dhidi ya kutia to'evah ndani ya nyumba, mtu asije akawa kama kitu hicho. Aya hiyo ni hazina kwa mwanaisimu: ndani yake zimekusanyika to'evah na kitenzi chake, kitenzi cha shina la sheqets, na herem, kitu kilichotengwa kiangamizwe, ambalo ni ndugu wa damu wa haramu ya Kiarabu. (Herem hilo hilo, katika habari za Yeriko, wafasiri wa Muungano walilipa jina wakfu. Mtu wa Makina ajuaye wakfu kuwa mali iliyotolewa kwa ajili ya msikiti na yatima atashangaa kuona mji ukiwekwa wakfu kwa kuteketezwa.)

Sikio la tatu ni la Kiswahili cha kila siku, ambamo kuchukiza ni kuudhi: tabia ya kuchukiza, harufu ya kuchukiza. Kiyunani kingelikubali sikio hili kwa furaha, kwa sababu bdelugma, neno la Agano Jipya, latokana na shina la uvundo. Kilatini, kwa upande wake, kilianza na kuogopa ndege mbaya, na abominatio ingalifasiriwa vema pwani kwa maneno nuksi au kisirani. Kila lugha imeshika kiungo chake: pua, jicho la mtabiri, moyo. Kiswahili kimeshika moyo, na si vibaya.

Kasoro ya Biblia ya Muungano, kwa hiyo, haimo katika kulichagua neno chukizo kwa ajili ya to'evah. Kasoro ni kulitwisha mizigo ya maneno mengine. Kiebrania kina sheqets, hasa kwa wanyama wasioliwa. Kina shiqquts, hasa kwa sanamu. Kina piggul, kwa nyama ya sadaka iliyokaa kupita muda wake. Katika kitabu cha Walawi to'evah hutumika mara 6 tu, na zote zimo katika sura ya 18 na ya 20, zinazohusu maingiliano ya kimwili. Moja ni ile ya 18:22 ambayo mahubiri ya siku hizi huinukuu peke yake, ingawa aya za mwisho za sura hiyo hulitandaza neno juu ya mambo yote yaliyokatazwa humo. Sura ya 11, ya vyakula, haina to'evah hata moja. Humo ni sheqets. Msomaji wa Kiswahili hukuta machukizo huku na huku, akadhani ya kwamba kula samaki asiye na magamba na kulala na mke wa jirani ni kosa la daraja moja. Kwa sheqets Kiswahili kilikuwa na kinyaa, neno la mwili, la tumbo kukataa. Huenda lilionekana halina heshima ya kutosha kwa kitabu kitakatifu. Lakini mwandishi wa Walawi, aliyeorodhesha panya na mijusi, hakuwa na haya hiyo.

Kwamba haramu na chukizo ni mambo mawili, historia ya Kibera yenyewe ni ushahidi. Kwa miongo mingi wanawake wa Kinubi walitonesha pombe kali iliyojulikana Nairobi nzima kwa jina la jamii yao, kabla jina chang'aa halijatawala. Johan de Smedt aliichapisha historia hiyo mwaka 2009. Pombe ni haramu kwa Mwislamu bila shaka yo yote, na serikali ya kikoloni nayo iliikataza. Hata hivyo biashara hiyo ilikuwa tegemeo la nyumba nyingi, na wanunuzi walitoka kila upande wa mji. Sheria ya mwaka 1980 iliipiga marufuku chang'aa, na ya mwaka 2010 ikairuhusu kwa masharti. Hukumu ilibadilika kwa kalamu. Lakini hakuna sheria iliyoweza kuamuru pombe hiyo imchukize mtu asiyechukizwa nayo, wala kumwondolea karaha yule aliyekuwa nayo. Haramu hutangazwa. Chukizo hulazimu awepo mwenye kuchukizwa.

Ndipo unapoonekana uzito wa aya ambazo anayechukizwa ni Mungu mwenyewe, na inafaa kuuliza ni aya za nini. Kitabu cha Mithali hushutumu mizani na vipimo vya udanganyifu mara 3 (11:1, 20:10 na 20:23), na mara zote neno ni to'evah kwa Bwana. Kumbukumbu la Torati 25:13-16 inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo, na hapo si tendo tu lichukizalo: kila mtu atendaye hivyo ni to'evah. Wale wapendao kusema kwamba Biblia huchukizwa na dhambi lakini kamwe si na mtu, wameipita aya hii bila kuisoma. Hakuna anunuaye maharagwe katika masoko ya Kenya asiyelijua gorogoro lililobonyezwa kitako likapanda juu, likajaa upesi. Kwa kipimo cha Torati, mwenye gorogoro hilo amepewa jina zito lile lile wanalopewa wengine ambao mahubiri huwataja kila juma. Katika Luka 16, maneno ya Yesu juu ya kilicho bdelugma mbele za Mungu yanaelekezwa kwa wapenda fedha, na kinachochukiza ni kile ambacho wanadamu wamekitukuza. Kiyunani hapo kinaweka wazi pande mbili, wanadamu na Mungu, na Kiswahili cha Muungano kimezihifadhi vema. Hapa sifa yampasa mfasiri.

Asipohifadhi “kwa”, akaweka “la” au “ya”, taabu huanza. Wafalme wa Kwanza 11:5 na wa Pili 23:13 wanamtaja Milkomu kuwa chukizo la Waamoni. Kwa kawaida ya Kiswahili, chukizo la Waamoni lingeweza kuwa kitu kinachowachukiza Waamoni. Kumbe ndiye mungu wao, wampendaye! Mwandishi amelifuta neno mungu akaandika neno lake mwenyewe la karaha mahali pake. Chuki ni ya mwandishi, mungu ni wa Waamoni. Kiebrania nacho kina utata huo huo wa umilikaji, maana to'evah ya Wamisri katika Kutoka ni ile inayowachukiza Wamisri, na to'evah za mataifa katika vitabu vya Wafalme ni zile wazitendazo mataifa. Lakini Kiswahili kinayo njia nyepesi ya kutenganisha. Katika mtaa ambao watu wa dini mbili wanakaa ukuta kwa ukuta, na ambao mwishoni mwa mwaka 2001 uliona mapigano ya wenye nyumba na wapangaji kwa sababu ya kodi, si jambo dogo msomaji ajue kama neno alilosoma ni jina la ibada ya jirani au ni taarifa ya moyo wa aliyeiandika.

Limebaki fungu moja mashuhuri, chukizo la uharibifu, linalotoka katika Danieli na kurudi katika Mathayo 24:15 na Marko 13:14. Wataalamu wengi huliunganisha na madhabahu iliyojengwa na watu wa Antioko wa Nne katika hekalu la Yerusalemu mwaka 167 kabla ya Kristo. Na Eberhard Nestle alionyesha mwaka 1884 kwamba shiqquts shomem ni mchezo wa sauti juu ya jina Baal Shamem, Bwana wa Mbingu. Mchezo huo hauwezi kufasirika, na hakuna wa kulaumiwa. Neno la pili ndilo lenye kasoro. Shina la shomem ni la mahali palipobaki patupu, na la mtu anayepaona akashikwa na bumbuazi. Kiyunani eremosis ni kufanywa jangwa. Uharibifu hausemi hivyo; nyumba iliyoharibika yaweza kuwa imejaa watu. Toleo la Habari Njema limeandika Chukizo Haribifu, ambalo ni fupi na lina nguvu, lakini limebaki katika kosa lile lile.

Na neno lililotakiwa lilikuwapo. Ni ukiwa. Wafasiri wa Muungano walilijua, kwa kuwa walilitumia aya chache tu kabla, Mathayo 23:38, nyumba inapoachwa eremos, shina lile lile la eremosis. Kwa Kiyunani aya mbili hizo zinaitana: nyumba iliyoachwa katika ukiwa, kisha chukizo liletalo ukiwa. Kwa Kiswahili hazijuani. Mwezi wa Julai 2018 nyumba na shule zilibomolewa katika Kibera kupisha barabara. Uharibifu ulikuwa kazi ya matingatinga, nao ulikwisha upesi. Kilichofuata, mahali palipokuwa na watu pasipo mtu, kina jina lingine. Wakazi wa hapo hawahitaji kufundishwa tofauti ya maneno hayo mawili. Chukizo la ukiwa, au kwa ufasaha zaidi chukizo liletalo ukiwa, lingelisomeka Makina bila maelezo.